Jibu Moja, Mashine Nyingi: Namna ya Kuhakiki Majibu ya Programu za Kisayansi katika Tiba

Madhumuni ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mhudumu wa afya anatarajiwa kueleza kwa nini programu ileile inaweza kutoa majibu tofauti kwenye kompyuta mbili. Kutofautisha mabadiliko ya sayansi, mabadiliko ya programu na mabadiliko ya ukokotoaji. Na kuandaa utaratibu mwepesi wa kuhakiki programu anayoitumia kazini. Mgonjwa anatarajiwa kujua maswali ya kuuliza pale namba iliyo kwenye faili lake inapobadilika ghafla.

Utangulizi

Katika maabara ya tiba inayofuata taratibu, kazi ya siku haianzi kwa sampuli ya mgonjwa. Huanza kwa sampuli ya udhibiti wa ubora, ambayo kiwango chake cha sukari au kreatinini kinajulikana kabla ya kupimwa. Mashine ikisoma kiwango hicho ndani ya mpaka uliowekwa, kazi huendelea. Ikisoma nje ya mpaka, kazi husimama hadi sababu ipatikane. Hakuna anayeuona utaratibu huo kuwa ni dharau kwa mtengenezaji wa mashine. Ni desturi ya kazi, na mgonjwa hulindwa nayo hata kama hajui kwamba ipo.

Desturi hiyo mara nyingi hukoma pale namba inapotoka kwenye mashine na kuingia kwenye kompyuta. Kreatinini iliyopimwa kwa uangalifu huingizwa kwenye programu inayokokotoa kasi ya uchujaji wa figo. Picha ya MRI huingizwa kwenye programu inayopima ujazo wa sehemu za ubongo. Vipimo vya uvimbe huingizwa kwenye programu inayopanga muda wa mionzi. Jibu linalotoka huandikwa kwenye faili la mgonjwa bila shaka yoyote. Ni wachache wanaouliza limetoka kwenye programu ipi, toleo lipi, iliyojengwa kwa zana zipi, na kwenye kompyuta ya aina gani.

Maswali hayo hudhaniwa kuwa ni ya mafundi wa kompyuta. Somo hili linaonyesha kwamba ni maswali ya kitabibu, kwa sababu majibu yake yanaweza kuamua kama mtu ataambiwa ana ugonjwa au hana.

Programu hujengwa vipi

Mtunzi wa programu huandika maagizo kwa lugha ambayo binadamu aliyefunzwa anaweza kuisoma, kama vile Fortran, C au C++. Prosesa ya kompyuta haiielewi lugha hiyo. Kazi ya kuyageuza maandishi hayo kuwa amri za mashine hufanywa na programu nyingine iitwayo kompaila. Kompaila zipo nyingi: GCC na Clang hutumika sana duniani, na kampuni ya Intel ina zake. Kila moja ina matoleo yake, na kila toleo huja na mbinu mpya za kuifanya programu ikimbie haraka zaidi.

Mfano wa duka la dawa unasaidia. Cheti kimoja cha dawa ya kuchanganywa kikipelekwa kwa wafamasia wawili, wote watafuata maandishi ya daktari. Hata hivyo kila mmoja ana mizani yake na mpangilio wake wa kuchanganya. Dawa mbili zitakazotoka zinatakiwa kufanana kiasi cha kutomdhuru mgonjwa, lakini hakuna anayetarajia zilingane hadi chembe ya mwisho. Vivyo hivyo, maandishi yaleyale ya programu yakipitishwa kwenye kompaila mbili huzaa programu mbili ambazo ni ndugu, lakini si mapacha.

Kompaila haiko peke yake. Programu hutegemea pia mfumo endeshi wa kompyuta, prosesa yenyewe, na maktaba za kanuni za hisabati zinazokokotoa vipeo na logi. Lugha kama R na Python, ambazo watafiti wa afya huzitumia sana, hazimlazimu mtumiaji kugusa kompaila, lakini zenyewe zimejengwa kwa kompaila na zinaegemea maktaba hizohizo. Kwa hiyo kubadilisha kompyuta, hata bila kugusa herufi moja ya programu, ni kubadilisha chombo cha kupimia.

Kwa nini hesabu moja huzaa majibu mawili

Kompyuta haina nafasi isiyo na mwisho ya kuandika tarakimu. Kwa kawaida hutunza takribani tarakimu 15 hadi 17 za desimali kwa kila namba, kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha IEEE 754 kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1985. Kinachozidi hapo hukatwa au hukadiriwa. Zaidi ya hayo, kompyuta huhesabu kwa msingi wa mbili; kama vile theluthi moja isivyoweza kuandikwa kikamilifu kwa desimali, ndivyo 0.1 isivyoweza kuandikwa kikamilifu ndani ya kompyuta.

Athari yake inaweza kuonekana kwa kalamu na karatasi. Ichukuliwe kwamba kuna mashine inayotunza tarakimu 4 tu, na inatakiwa kujumlisha 1000, 0.4, 0.4 na 0.4. Ikianza na 1000, jumla ya kwanza ni 1000.4, ambayo hukadiriwa kuwa 1000. Ikiongeza 0.4 nyingine hubaki 1000, na ya tatu vilevile. Jibu ni 1000. Ikianza na namba ndogo, 0.4 mara tatu ni 1.2, ikijumlishwa na 1000 hupatikana 1001.2, ambayo hukadiriwa kuwa 1001. Namba ni zilezile na kanuni ya kujumlisha ni ileile; kilichobadilika ni mpangilio tu. Kwenye kompyuta halisi, 0.1 na 0.2 zikijumlishwa kwanza, kisha 0.3, jibu ni 0.6000000000000001, zikianza 0.2 na 0.3, jibu ni 0.6.

Kompaila ndiyo inayohusika na mpangilio huo. Katika hali ya kawaida huheshimu mpangilio wa mtunzi, lakini ikipewa ruhusa ya kutafuta kasi, inaweza kuupanga upya. Kwenye GCC ruhusa hiyo hutolewa kwa chaguo liitwalo -ffast-math. Prosesa za kisasa nazo zina amri inayozidisha na kujumlisha kwa mkupuo mmoja, ikikadiria mara moja badala ya mara mbili. Kompaila moja huitumia amri hiyo na nyingine haiitumii. Tofauti za namna hii si makosa. Kila jibu ni halali kwa kanuni za mashine yake.

Swali linalofuata ni la msingi: tofauti iliyo kwenye tarakimu ya 16 inamhusu vipi mgonjwa? Mara nyingi haimhusu hata kidogo. Huanza kumhusu pale programu inapotakiwa kufanya uamuzi. Programu inayochora mipaka ya ubongo huuliza, kwa kila chembe ya picha, kama ni sehemu ya gamba la ubongo au si sehemu yake. Ikiwa mpaka wa uamuzi ni 0.5, chembe yenye 0.4999999 huenda upande mmoja na yenye 0.5000001 huenda upande wa pili. Kisha uamuzi huo hutumika kuamua chembe ya jirani, na ya jirani yake. Baada ya hatua maelfu, tofauti iliyoanza bila kuonekana huwa imekua na kuonekana.

Ushahidi kutoka kwenye picha za ubongo

Mwaka 2012, Ed Gronenschild na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, walichapisha utafiti uliojibu swali hilo kwa namba. Walichukua picha zilezile za MRI na kuzipitisha kwenye FreeSurfer, programu maarufu ya kupima ujazo wa sehemu za ubongo na unene wa gamba lake. Walilinganisha matoleo matatu ya programu hiyo, aina mbili za kompyuta, na matoleo mawili ya mfumo endeshi wa Macintosh.

Kati ya matoleo ya programu, ujazo ulitofautiana kwa wastani wa asilimia 8.8, na kwa baadhi ya sehemu tofauti ilifika asilimia 64. Unene wa gamba ulitofautiana kwa wastani wa asilimia 2.8. Tofauti zilizotokana na aina ya kompyuta au toleo la mfumo endeshi zilikuwa takribani nusu ya hizo. Watafiti walieleza kwamba ukubwa wa tofauti hizo unakaribiana na mabadiliko yanayoripotiwa katika tafiti za magonjwa yanayodhoofisha ubongo. Kwa maneno mengine, kubadilisha kompyuta katikati ya utafiti kungeweza kuonekana kama ugonjwa. Ushauri wao ulikuwa kwamba mtafiti asihamie toleo jipya la programu, mfumo endeshi mpya wala kompyuta nyingine bila kurudia uchambuzi wote.

Mwaka 2015, kundi la watafiti likiongozwa na Tristan Glatard lilifuatilia chanzo cha tofauti kati ya mifumo endeshi. Sehemu kubwa ilitokana na maktaba za hisabati, ambazo hubadilika toleo hadi toleo. Mtumiaji wa programu hakuwa amegusa chochote. Alichokuwa amesimama juu yake ndicho kilichosogea.

Aina tatu za tofauti: mfano wa figo

Namba inapobadilika, kazi ya kwanza ni kujua ni aina gani ya mabadiliko. Aina hizo ni tatu, na kila moja hutaka hatua yake.

Aina ya kwanza ni mabadiliko ya sayansi. Achukuliwe mwanamume wa miaka 50 mwenye kreatinini ya miligramu 1.4 kwa desilita. Kwa mlinganyo wa CKD-EPI wa mwaka 2009, bila kizidishi cha rangi, kasi yake ya uchujaji ni 58. Mlinganyo huohuo ulikuwa na kizidishi cha 1.159 kwa watu weusi. Kikitumika, mtu huyohuyo hupata 67. Mlinganyo mpya wa mwaka 2021, ulioondoa kizidishi cha rangi, humpa 61. Vipimo vyote hivyo ni kwa mililita kwa dakika kwa mita za mraba 1.73 za eneo la mwili.

Mpaka unaotumiwa na mwongozo wa kimataifa wa KDIGO ni 60: kasi iliyo chini ya hapo kwa zaidi ya miezi mitatu ni kigezo cha ugonjwa sugu wa figo. Damu ni moja na figo ni zilezile, lakini programu moja humweka chini ya mpaka na mbili humweka juu yake. Kwa Afrika Mashariki jambo hili si la pembeni. Programu iliyotengenezwa ng'ambo kabla ya mwaka 2021 inaweza bado kuuliza rangi ya mgonjwa, na mhudumu akajibu bila kujua kwamba jibu lake limeongeza asilimia 16 kwenye namba.

Aina ya pili ni mabadiliko ya programu. Mwaka 2019, toleo la 3.6.0 la R lilibadilisha namna ya kuchagua vitu kwa bahati nasibu, kwa sababu njia ya awali haikuwa ikitoa nafasi sawa kabisa pale orodha inapokuwa kubwa sana. Marekebisho hayo yalikuwa ya haki. Lakini matokeo yake ni kwamba orodha ya kuwagawa washiriki wa jaribio la dawa, ikitengenezwa upya kwa maagizo yaleyale na namba ileile ya kuanzia, haitalingana na ya zamani. Mkaguzi asiyejua historia hiyo anaweza kudhani kwamba orodha ilichezewa. R yenyewe imeacha njia ya kuomba utaratibu wa zamani, lakini njia hiyo humfaa tu aliyeandika toleo alilotumia.

Aina ya tatu ni mabadiliko ya ukokotoaji, yaani yale ya kompaila, prosesa na maktaba. Kwa mlinganyo mfupi kama wa figo, tofauti hizi ni ndogo mno. Hata hivyo mpangilio wa hatua bado una uzito. Ikiwa kasi ni 59.6, programu moja inaweza kulipanga daraja kwanza na kukadiria baadaye: itaonyesha 60 lakini itamwandika mgonjwa kuwa chini ya mpaka. Nyingine itakadiria kwanza, ipate 60, na kumwandika kuwa hana tatizo. Skrini zote mbili zinaonyesha namba ileile, na maelezo yake yanapingana.

Hatua za uhakiki

Wanaotengeneza programu za kisayansi wana utaratibu ambao kiini chake hakitofautiani na ule wa sampuli ya udhibiti. Unaweza kuelezwa kwa hatua tano.

1. Kuandaa mifano ambayo majibu yake yanajulikana kwa njia isiyotegemea programu yenyewe: kwa kukokotoa kwa mkono, kwa mlinganyo uliochapishwa, au kwa data rejea. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, imetoa seti za data za takwimu zenye majibu yaliyothibitishwa kwa tarakimu nyingi, kwa ajili ya kazi hii.

2. Kuweka mpaka wa tofauti inayokubalika kabla ya kuona majibu.

3. Kuijenga programu kwa kompaila zaidi ya moja na matoleo zaidi ya moja, kisha kupitisha mifano yote kwenye kila programu iliyojengwa, ikiwamo ile iliyojengwa bila mbinu za kutafuta kasi. Hiyo ya mwisho huwa shahidi mzuri, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na maandishi ya mtunzi.

4. Kutafuta sababu ya kila tofauti inayovuka mpaka. Mara nyingi kompaila ya pili hufichua kosa halisi ambalo ya kwanza ililificha, kwa mfano nafasi ya kumbukumbu iliyotumika kabla ya kupewa thamani. Kompaila moja huikuta nafasi hiyo na sifuri, na mtihani ukapita. Nyingine huikuta na masalia ya hesabu iliyopita.

5. Kuandika kumbukumbu: jina la programu na toleo lake, kompaila na toleo lake, chaguo zilizotumika, mfumo endeshi, prosesa na tarehe.

Mpaka wa tofauti uwekwe na nani

Hatua ya pili ndiyo inayoharibika kwa urahisi zaidi. Wapo wanaodai majibu yalingane hadi tarakimu ya mwisho. Mtihani wa namna hiyo hushindwa kila siku kwa sababu zisizo na uzito, na watu huchoka, wakaacha kuusoma. Wapo pia wanaopanua mpaka kila mtihani unaposhindwa, mpaka ukawa mpana kiasi kwamba hakuna kosa litakalonaswa. Pande zote mbili humwacha mgonjwa bila ulinzi.

Mpaka unaofaa hutoka kwenye tiba, si kwenye kompyuta. Kwa kasi ya uchujaji wa figo inayoripotiwa kwa namba nzima, programu mbili zenye mlinganyo mmoja zinatakiwa kukubaliana kabisa baada ya kukadiria, kwa kuwa hesabu yenyewe ni fupi. Zikitofautiana kwa 1, ipo sababu ya kutafutwa. Kwa ujazo wa ubongo, ambao hesabu yake ina hatua maelfu, swali ni kama tofauti kati ya kompyuta ni ndogo kuliko badiliko ambalo daktari angelitafsiri kuwa ni ugonjwa kuendelea. Ikiwa si ndogo, programu hiyo haifai kulinganisha picha mbili zilizochambuliwa kwenye mashine tofauti, hata kama kila jibu peke yake linaonekana zuri. Kwa hiyo daktari anapaswa kukaa meza moja na mtunzi wa programu wakati mpaka unapowekwa.

Makubaliano si uthibitisho wa ukweli

Kompaila kumi zinaweza kukubaliana na zote zikawa zimekosea. Ikiwa mlinganyo umeandikwa vibaya, kila kompaila itaukokotoa ubaya huo kwa uaminifu. Ulinganishaji wa kompaila hunasa kosa linalotegemea mashine. Haunasi kosa la mtu aliyeandika wala la mtu aliyeingiza data.

Tukio la Panama linafundisha jambo hilo kwa uchungu. Katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya nchi hiyo, kati ya mwaka 2000 na 2001, wagonjwa 28 walipewa mionzi iliyozidi. Chanzo hakikuwa kompaila. Wahudumu walibadilisha namna ya kuingiza kwenye programu ya kupanga tiba maelezo ya vizuizi vinavyokinga viungo vyenye afya. Programu ilipokea maelezo hayo bila onyo na ikatoa muda wa mionzi ambao kwa baadhi ya wagonjwa ulikaribia mara mbili ya unaotakiwa. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilipochunguza, lilibaini kwamba muda huo haukuwa umehakikiwa kwa kukokotoa kwa mkono. Baadhi ya wagonjwa walifariki kutokana na mionzi hiyo.

Hesabu ya mkono haikuhitaji kompyuta ya pili. Ingetaka karatasi, dakika chache, na mtu mwenye mamlaka ya kusema kwamba namba mbili hazikubaliani, kwa hiyo tiba isubiri. Kila njia mpya ya kuingiza data ni sawa na toleo jipya la programu: inahitaji kuhakikiwa kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Uhakiki katika kituo kisicho na mtaalamu wa kompyuta

Kiwango cha ISO 15189, kinachoongoza maabara za tiba, kinataka mfumo wa taarifa za maabara uhakikiwe kabla ya kuanza kutumika na kila unapobadilishwa. Hata kituo kidogo kinaweza kutimiza kiini cha takwa hilo kwa daftari moja.

Mhudumu huandaa wagonjwa wa kubuni wasiopungua kumi na kukokotoa majibu yao kwa mkono mara moja. Kwa yule mwanamume wa miaka 50, mlinganyo wa mwaka 2021 hukokotolewa hivi: 1.4 kugawanywa kwa 0.9 ni 1.556, ikipandishwa kwenye kipeo cha −1.2 ni 0.588, 0.9938 ikipandishwa kwenye kipeo cha 50 ni 0.733, 142 kuzidishwa kwa 0.588 na kwa 0.733 ni 61.2, yaani 61.

Mifano ichaguliwe pale makosa yanapopenda kujificha: mwanamke na mwanamume; mtu mwenye kreatinini ya chini na wa kreatinini ya juu; mtu aliye karibu kabisa na mpaka wa 60; na mtu ambaye vipimo vyake vimetolewa kwa maikromoli. Miligramu 1.4 kwa desilita ni sawa na maikromoli 124 kwa lita. Mhudumu akiandika 124 kwenye nafasi ya miligramu, programu nzuri inapaswa kukataa. Inayokubali na kutoa jibu lililo chini ya 1 haijafaulu mtihani, hata kama hesabu yake ni sahihi.

Mifano hiyo hupitishwa kwenye programu siku ya kwanza, kila toleo linapobadilika, na kila kompyuta au simu mpya inapoletwa. Simu zihesabiwe kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa nyingi husasisha programu zenyewe usiku bila kumuuliza mwenye nazo. Daftari liandikwe tarehe, kifaa, jina la programu, toleo na majibu. Majibu yakitofautiana na ya mkono, programu iwekwe kando na kiongozi wa kituo ajulishwe. Majibu yaliyokwisha kutolewa kwa toleo hilo yapitiwe upya.

Kwa mgonjwa

Mgonjwa wa figo, wa saratani au wa maradhi ya ubongo hufuatiliwa kwa namba kwa miaka mingi. Namba ikibadilika ghafla ilhali hali yake haijabadilika, ana haki ya kuuliza kwa heshima: je, ni mwili wangu uliobadilika, au ni namna ya kukokotoa? Ni vizuri atunze kipimo chenyewe pamoja na kizio chake, mathalani kreatinini, na si jibu lililokokotolewa pekee, kwa sababu kipimo kinaweza kukokotolewa upya kwa mlinganyo wowote. Akihama hospitali, aende na karatasi hiyo. Jambo la kuepuka ni kuacha au kuongeza dawa kwa sababu ya namba moja kabla daktari hajaieleza.

Hitimisho

Jibu la kompyuta ni kipimo, na kila kipimo kina chombo kilichokipima. Kama vile jibu la maabara lisivyokamilika bila kizio chake, jibu la programu halijakamilika bila toleo lake. Mtihani uliopita jana kwenye kompyuta moja unathibitisha jambo la jana kwenye kompyuta hiyo. Chombo kikibadilika, sampuli ya udhibiti hurudiwa. Wahudumu wa afya wameuzoea utaratibu huo kwenye maabara, na wanaweza kuuendeleza kwenye kompyuta.

Maswali ya marudio

1. Picha mbili za ubongo wa mgonjwa mmoja, zilizopigwa kwa kupishana mwaka mmoja, zimechambuliwa kwa matoleo mawili tofauti ya programu. Ujazo umepungua kwa asilimia 5. Kwa nini daktari hapaswi kutangaza kwamba ugonjwa umeendelea, na afanye nini kwanza?

2. Mwanamke wa miaka 60 ana kreatinini ya miligramu 1.2 kwa desilita. Kwa mlinganyo wa mwaka 2021, mwanamke hutumia 0.7 badala ya 0.9, na jibu la mwisho huzidishwa kwa 1.012. Kasi yake ya uchujaji ni ngapi? (Jibu: 51.8, yaani 52.)

3. Programu ya kituo inaonyesha 60 na kumwandika mgonjwa kuwa chini ya mpaka wa 60. Eleza chanzo kinachowezekana na mfano wa kubuni ambao ungekinasa mapema.

4. Kompaila tatu zimekubaliana kwa jibu moja. Taja aina mbili za makosa ambazo makubaliano hayo hayawezi kuzifichua.